Galaksi Inayopita Juu ya Nairobi Usiku wa Jamhuri

Desemba iliyopita stima ilipotea mtaani kwetu, na kama kawaida kila mtu akatoka nje kuangalia kama ni ploti yetu pekee ama ni mtaa mzima. Ilikuwa mtaa mzima. Mimi na dogo wa kwetu tukapanda juu ya paa, pale watu huanika nguo, kwa sababu ndani kulikuwa na joto na simu zetu zote mbili zilikuwa zimebakisha chaji ya asilimia kumi hivi. Tukaangalia juu. Wasee, nimeishi Nairobi maisha yangu yote na sikuwahi kujua kuna nyota nyingi hivyo juu ya hii nyumba.

Dogo akauliza, "Bro, hizo ziko mbali kiasi gani?"

Nikasema sijui.

Halafu akauliza lile swali lililonichoma: "Si wewe ulisoma fizikia?"

Sikusoma. Niliiacha kidato cha tatu. Maabara ya shule yetu ilikuwa na meza na mifereji isiyotoa maji, basi. Na kuna mwalimu alituambia wazi kwamba mambo ya anga ni ya watu wa ng'ambo, sisi tutafute masomo ya kutupatia gredi. Nilimwamini. Simlaumu sana, naye pia labda kuna mtu alimwambia hivyo. Lakini nilimwamini, na hiyo imani imenigharimu.

Siku iliyofuata niliweka video fupi ya ile anga. Komenti ya kwanza: "Galaksi italipa kodi ya nyumba?" Ya pili: "Hizo ni stori za wazungu, sisi tuko na shida zetu." Ya kwanza nitaijibu mwishoni. Hii ya pili ndiyo imenifanya nikae na bando langu usiku baada ya usiku, nikifuata historia ya kitu kimoja tu huko juu. Kitu chenyewe kinaitwa NGC 1365. Na historia yake inapitia kwa fundi asiye na digrii, karani ambaye alilipwa senti 30 kwa saa, na bahari ya Malindi.

Twende polepole.

Kwanza, hiki kitu ni nini

NGC 1365 ni galaksi, yaani mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, gesi na vumbi, zote zikishikwa pamoja na mvutano. Iko upande wa kusini wa anga, katika kundinyota la Tanuri, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 56.

Hebu tuweke hiyo namba mahali inaeleweka. Nuru hukimbia kilomita kama 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka Jua hadi usoni pako ni dakika 8 hivi. Kutoka NGC 1365 ni miaka milioni 56. Nuru yake inayotufikia leo ilipoondoka huko, dinosauri walikuwa wamepotea miaka milioni kumi hivi kabla. Bonde la Ufa halikuwa limepasuka. Mlima Kenya haukuwepo. Binadamu hata kwa ndoto hakuwa.

Umbo lake ndilo lililonishika. Galaksi nyingi za ond zina mikono inayojizungusha kutoka katikati, kama maji yanayozunguka ukitoa kizibo cha sinki. NGC 1365 iko tofauti kidogo. Katikati yake kuna upau, mstari mnene na mrefu wa nyota uliopita katikati ya galaksi kama mwiko uliolazwa juu ya sufuria. Mikono yake miwili mikubwa inaanzia kwenye ncha za huo upau, inajikunja. Ukiitazama kwa picha unaona kama herufi Z iliyolainishwa kona. Wanaastronomia huita aina hii galaksi ya ond yenye upau, na hii moja ni kati ya zile kubwa na maarufu zaidi. Upana wake ni miaka ya nuru kama 200,000, karibu mara mbili ya galaksi yetu.

Upau huo si pambo. Mvutano wake unaivuruga gesi iliyo kwenye mikono, gesi inapoteza mwendo wake wa kuzunguka, halafu inateremka kuelekea katikati. Huko katikati inafanya kazi mbili: inazaa nyota mpya kwa wingi, na inalisha shimo jeusi kubwa lililokaa hapo. Huo upau unazunguka taratibu sana, mzunguko mmoja huchukua kama miaka milioni 350. Kwa hivyo tangu nuru ya leo iondoke, haujamaliza hata robo ya raundi moja.

Sasa shika hii, tutairudia. Ukiwa London, NGC 1365 haipandi kamwe zaidi ya nyuzi 2 au 3 juu ya upeo. Iko huko chini kwenye moshi na paa za nyumba. Ukiwa Nairobi, inapanda hadi nyuzi kama 55, juu kabisa upande wa kusini. Ile anga ambayo niliambiwa ni ya watu wa ng'ambo, wao wenyewe huko kwao hawaioni vizuri.

Fundi wa juakali

Ndiyo maana ilibidi mtu asafiri kuja kusini ndiyo iandikwe.

Huyo mtu ni James Dunlop. Alizaliwa Scotland mwaka wa 1793, baba yake akiwa mfumaji wa vitambaa. Akiwa kijana alifanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi. Chuo kikuu hakuingia. Alichokuwa nacho ni mikono: alijifundisha kutengeneza darubini. Thomas Brisbane, mwanajeshi aliyependa nyota, alipoteuliwa kuwa gavana wa koloni la New South Wales huko Australia, alimchukua Dunlop aende naye kama fundi wa vyombo. Walifika mwaka wa 1821, wakajenga kituo cha kutazama nyota mahali panaitwa Parramatta, karibu na Sydney.

Ukweli usemwe wote. Parramatta ni ardhi ya watu wa Darug, na koloni haikuomba ruhusa kwa mtu. Wenyeji wa Australia walikuwa na elimu yao ya nyota maelfu ya miaka kabla ya hao wageni kushuka melini. Sisi pia hapa tunajua hiyo hadithi. Wakulima wetu walikuwa na Kilimia kabla ya kalenda ya ukutani, na manahodha wa pwani walimjua Suheli bila kufundishwa na gavana yeyote. Kwa hivyo nikisema Dunlop "aligundua", naongea kuhusu NGC 1365 yenyewe, ambayo haionekani kwa macho matupu. Hapo lazima uwe na darubini.

Gavana aliporudi Uingereza, Dunlop alibaki. Mwaka wa 1826, akiwa nyumbani kwake Parramatta, na darubini aliyoitengeneza mwenyewe yenye kioo cha inchi 9, alianza kuipitia anga ya kusini usiku baada ya usiku. Pale Parramatta, NGC 1365 hupita karibu kabisa utosini. Mwaka huo akaiona, akaiandika. Orodha yake yote ilikuwa na vitu 629, ikachapishwa London mwaka wa 1828, na mwaka huohuo akapewa medali ya dhahabu na chama cha wanaastronomia wa huko. Mtoto wa mfumaji.

Ningependa kuwaambia stori inaishia hapo na kila mtu akapiga makofi. Haikuisha hapo.

Mwaka wa 1834 John Herschel, mtoto wa mwanaastronomia maarufu William Herschel, alifika Cape, Afrika Kusini, na darubini kubwa zaidi. Alipojaribu kuvitafuta vile vitu 629 vya Dunlop, alivipata 211 tu. Akayaandika hayo kwenye kitabu chake kilichotoka mwaka wa 1847. Jina la Dunlop likachafuka. Wakati huo kituo cha Parramatta, ambacho Dunlop alikuwa amekisimamia tangu 1831, kilikuwa kimeliwa na mchwa kikafungwa. Mwaka uliofuata, 1848, akafariki.

Nilipofika hapa nilitaka sana kumtetea. Fundi maskini, bwana mkubwa anamdharau, sisi sote tunajua timu ya kushabikia. Lakini nikisoma zaidi naona Herschel hakuwa anamwonea. Dunlop alifanya haraka. Vitu vingi aliviandika mahali si penyewe, vingine vilikuwa nyota mbili zilizokaribiana akadhani ni wingu. Baadaye watafiti wameipitia ile orodha upya, wakatambua vitu vingi zaidi ya vile 211, kwa hivyo hakuwa mwongo. Aliona. Shida ilikuwa namna alivyoandika alichokiona.

NGC 1365 ilipona kwa sababu ni kubwa na angavu kiasi kwamba ilipatikana tena. Zingine zilipotea kwa sababu ya namba iliyokosewa. Nikafikiria wasee wangapi mtaani kwetu wako na kipaji cha kweli lakini hawaweki rekodi ya kazi yao. Fundi anajua kazi, risiti hana. Ukija ubishi, anashindwa na mtu mwenye karatasi.

Karani wa senti 30

Kwa karibu karne nzima baada ya Dunlop, hakuna aliyejua hivi "vimawingu" ni nini hasa. Mwaka wa 1845 Lord Rosse wa Ireland aliona kwamba kimoja wapo, huko kaskazini, kina umbo la ond. Kamera zilipoanza kutumika kwenye darubini, ond zikaonekana nyingi. Mwaka wa 1918 Heber Curtis wa Marekani aliona kwamba baadhi yazo zina mstari katikati, akazifananisha na herufi ya Kigiriki inayoitwa fai, ile duara lenye mstari. Mwaka wa 1926 Edwin Hubble akazipa kundi lake rasmi: ond zenye upau.

Lakini swali la dogo lilikuwa bado: ziko mbali kiasi gani? Wengine waliamini ni mawingu madogo ndani ya galaksi yetu. Wengine, kama Curtis, walisema hapana, hizo ni galaksi nzima ziko nje kabisa. Mwaka wa 1920 walibishana hadharani Washington bila mtu kushinda, kwa sababu hakuna aliyekuwa na rula ndefu ya kutosha.

Rula ilitoka kwa Henrietta Leavitt. Alikuwa karani wa hesabu kwenye kituo cha nyota cha Harvard. Wanawake hawakuruhusiwa kushika darubini, kwa hivyo kazi yao ilikuwa kukaa na picha za vioo na kuhesabu nyota. Malipo yake yalikuwa senti 30 kwa saa. Masikio yake hayakusikia vizuri. Picha alizokuwa anazichunguza zilipigwa Arequipa, Peru, kwa sababu, tena, vitu alivyovihitaji vinaonekana kusini tu.

Katika hizo picha aliona kwamba kuna nyota zinazong'aa na kufifia kwa mpangilio, zinaitwa Sefeidi. Zile zenye mapigo ya polepole ndizo zenye mwanga mkali zaidi. Mwaka wa 1912 hesabu zake zikachapishwa, jina la mkubwa wake likiwa ndilo limetiwa sahihi. Maana yake ni hii: ukipima mapigo ya Sefeidi unajua inatoa mwanga kiasi gani kwa kweli. Ukilinganisha na mwanga unaokufikia, unapata umbali. Ni kama kuona taa ya bodaboda usiku. Ukijua taa ina nguvu gani, unaweza kukisia iko mbali kiasi gani.

Hubble alitumia hiyo rula. Mwaka wa 1923 alipata Sefeidi ndani ya Andromeda, na ubishi ukaisha: ni galaksi nyingine. Leavitt alikuwa amefariki mwaka wa 1921. Mwaka wa 1925 msomi mmoja wa Sweden alianza kufuatilia apendekezwe kwa Nobel, ndipo akaambiwa hayuko tena.

Na NGC 1365? Ilingoja hadi miaka ya 1990. Darubini ya angani iliyopewa jina la Hubble ilitazama mkono wake, ikapata makumi ya Sefeidi, mapigo yakapimwa moja moja. Ndipo umbali wake ukajulikana kwa uhakika mzuri. Halafu mwezi wa Oktoba 2012 nyota ndani yake ikalipuka, supanova inayoitwa SN 2012fr. Supanova ya aina hiyo huonekana kutoka mbali kuliko Sefeidi yoyote, na ukiipata ndani ya galaksi ambayo umbali wake tayari unaujua, unaweza kuitumia kupima zile za mbali zaidi. Galaksi ya Dunlop ikawa ngazi ya kupimia ulimwengu.

Kwa hivyo jibu la dogo, "miaka ya nuru milioni 56", ni jasho la karani wa senti 30. Siku hizi nikisema hiyo namba nasikia kama natakiwa kutaja jina lake kwanza.

Sasa tuje Malindi

Tumebakisha lile shimo jeusi katikati. Hapa ndipo nilipopiga nduru saa saba usiku mamangu akaamka.

Gesi inayoingia kwenye shimo jeusi huwa moto sana hadi inatoa eksirei, ileile miale inayopiga picha ya mfupa hospitalini. Shida ni kwamba hewa ya Dunia huzizuia eksirei kutoka angani. Ni vizuri kwa afya yetu, vibaya kwa mtafiti. Miaka ya 1960 walikuwa wanarusha roketi zinazochungulia dakika chache halafu zinaanguka. Hawakuwa na chombo kilichokaa juu kikitazama eksirei pekee.

Chombo cha kwanza cha hiyo kazi kilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Hakikurushwa Florida. Kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama kwa miguu ya chuma ndani ya Bahari ya Hindi, karibu na Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, roketi na setilaiti za Wamarekani. Walikuja hapa kwa sababu ya ikweta: Dunia inazunguka kwa kasi zaidi hapa kwetu hivyo roketi inapata msukumo wa bure, na njia ya juu ya ikweta ilikisaidia chombo kukwepa sehemu za mionzi mibaya.

Angalia tarehe tena. 12 Desemba. Siku ya Jamhuri, miaka saba tangu Kenya ipate uhuru. Meneja wa mradi alikuwa Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza kusimamia chombo cha angani huko NASA. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji, setilaiti ikapewa jina la Kiswahili.

Uhuru.

Ndiyo, hivyo tu. Uhuru. Fungua kitabu chochote cha historia ya eksirei angani, utalikuta hilo neno, na wanasayansi wa Japani na Ujerumani wanalitamka. Uhuru ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili na ikaacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 kina uwezekano mkubwa wa kuwa shimo jeusi, wakati ambapo wengi walidhani mashimo meusi ni hesabu za ubaoni tu. Kiongozi wa sayansi yake, Riccardo Giacconi, alipata Nobel mwaka wa 2002.

Kutoka hapo zikafuata darubini kubwa zaidi za eksirei. Moja inaitwa Chandra, na Giacconi alikuwa kati ya walioipendekeza. Mwaka wa 2006 Chandra iliangalia katikati ya NGC 1365 mara kadhaa kwa muda wa wiki mbili, ikaona jambo la ajabu: wingu la gesi lilipita mbele ya shimo jeusi, likaziba eksirei, halafu likaondoka. Kupatwa kabisa, kama kupatwa kwa Jua, lakini miaka ya nuru milioni 56 kutoka hapa. Kwa kuangalia muda wa kuzibwa, wakapima ukubwa wa lile duara la gesi moto: kama mara saba ya umbali kati ya Dunia na Jua. Kitu kidogo hivyo, mbali hivyo, kikapimwa kwa kivuli.

Halafu mwaka wa 2013 darubini mbili za eksirei, NuSTAR na XMM-Newton, zilipima jinsi shimo lenyewe linavyozunguka. Lina uzito wa kama Jua milioni 2, na linazunguka karibu na kasi ya juu kabisa ambayo nadharia ya Einstein inaruhusu. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kipimo cha namna hiyo kuaminika hivyo kwa shimo kubwa.

Mwaka huohuo wa 2023 ambao Kenya ilirusha Taifa-1, darubini ya Webb ilitoa picha ya NGC 1365 kwa mwanga wa infraredi, vumbi lote likionekana kama nyavu zilizojaa mapovu, na kila povu limepulizwa na nyota changa.

Maoni yangu, na mniambie kama nimekosea

Sitaki kutia chumvi. Kenya haikugundua shimo jeusi. Sisi tulitoa bahari, ikweta na jina. Data ilienda Marekani na Nobel ikaenda Marekani. Jukwaa la San Marco halijarusha setilaiti tangu 1988. Na kuna kejeli hapa: Uhuru, setilaiti ya Marekani, ilirushwa Kenya. Taifa-1, setilaiti ya Kenya, ilirushwa California tarehe 15 Aprili 2023.

Lakini nilisoma somo la historia hadi kidato cha nne. Nilikariri tarehe za mikutano ya Lancaster House. Sikumbuki hata siku moja kuambiwa kwamba neno la Kiswahili liliandikwa kwenye mwanzo wa sayansi nzima, siku ya Jamhuri, kilomita chache kutoka ufuo ambapo watu huenda kula Krismasi. Ningeambiwa hilo kidato cha pili, sijui kama ningepata A ya fizikia. Pengine ningepata D. Lakini nisingeiacha kwa sababu ya kuamini kwamba si yetu. Ningeiacha kwa sababu ni ngumu, na hiyo ni sababu ya heshima.

Ndiyo maana naipinga ile komenti ya "stori za wazungu". Mzungu wa stori hii ni mtoto wa mfumaji na mwanamke aliyekatazwa kushika darubini. Hata wao waliambiwa si yao. Na anga yenyewe iko kusini. Walikuja kuitafuta kwetu, Parramatta, Cape, Arequipa, Malindi.

Kuna jambo lingine. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, wengine huiita Njia ya Maziwa, nayo ina upau. Walishuku tangu miaka ya 1960, na mwaka wa 2005 darubini ya Spitzer ikathibitisha, upau wa miaka ya nuru kama 27,000. Sisi tuko ndani, hatuwezi kutoka nje tujipige picha. Kwa hivyo wakitaka kujua nyumba yetu inafanana vipi, wanaangalia majirani kama NGC 1365. Inakuwa kioo.

Sasa wewe wa kodi ya nyumba. Hapana, galaksi haitalipa. Mwenye nyumba wangu hakubali hata picha ya Webb. Lakini hukuuliza hivyo mtu alipoposti mpira, na mpira haulipi kodi yako pia. Ninachojua ni kwamba sentensi moja, "hii si ya watu kama sisi", ilinifungia mlango nikiwa na miaka 16, na sikuwahi kuuliza nani aliuweka huo mlango. Hiyo ni kodi nimeilipa miaka yote.

Dogo yuko gredi ya tisa sasa. Mwaka huu anachagua mkondo wa sekondari ya juu. Sijamwambia achague sayansi. Nyumbani kuna presha ya kutosha bila mimi. Nilichofanya ni kumsimulia haya yote, jinsi nimewasimulia nyinyi. Alisikiza hadi mwisho, kitu ambacho hafanyi nikiongea kuhusu vyombo. Halafu akauliza, "Huyo Dunlop alikuwa na maabara?"

Nikamwambia hapana, darubini alijitengenezea.

"Kumbe alikuwa juakali."

Ndiyo, alikuwa juakali. Fomu yake dogo bado iko mezani na hajaijaza.

Tarehe 12 Desemba, kati ya saa nne na saa tano usiku, NGC 1365 itakuwa kwenye kilele chake upande wa kusini, juu ya Nairobi. Inafanya hivyo kila Jamhuri. Kwa taa za huu mji na macho matupu, hatutaiona. Inahitaji giza na darubini ya kiasi. Tutapanda pale kwa paa hata hivyo. Kama kuna mtu hapa ana darubini na yuko tayari kutuazima usiku mmoja, aniandikie. Nitaleta chai, na dogo amesema ataleta daftari. Namba zote ataandika yeye, mahali penyewe.